Majamvi Kumi na Mawili: shajara ya mfarishi wa ukutani, Wete

6 Julai

Mfarishi huu ni wa kutundikwa, si wa kujifunika. Una matabaka matatu: uso wa kanga na kaniki zilizokatwa na kuungwa, katikati flaneli ya pamba, nyuma bitana ya bafta nyeupe. Picha yake ni uwanja wa kuanikia karafuu kama anavyouona mtu aliye ghorofani akitazama chini: majamvi kumi na mawili, matatu kwa upana na manne kwa urefu, na baina yao njia nyeusi za kaniki. Safu ya juu ni karafuu za siku ya kwanza, zilizotoka kuchambuliwa makonyo, kijani chenye wekundu wa mbali. Ya pili zimeanza kugeuka. Ya tatu zimeshika kahawia. Ya nne zimekauka kabisa, mwili umekoza na kichwa ni chepesi kidogo.

Wete inaanika sasa hivi, kwa hiyo rangi hazibuniwi. Vipande vya kanga vinapelekwa uwanjani saa sita mchana, vinawekwa juu ya jamvi, karafuu kando yake, na kinachokubaliana kinatiwa alama. Usilinganishe rangi jioni. Jua la saa kumi na moja hutia wekundu kwenye kila kitu, na kesho yake utajiuliza kitambaa kilikwenda wapi.

Jamvi lina sababu ya pili, ya kiushoni. Ni kazi ya kuunga: msusi husuka ukili mrefu, kisha huushona ubavu kwa ubavu mpaka upana utimie. Majamvi yetu yanafuata njia hiyo hiyo, vipande virefu vyembamba vilivyounganishwa kwa urefu wake. Humu tutaviita kili.

Vipimo: upana wa majamvi ni sentimita 40, 52 na 36, na njia mbili za sentimita 6, jumla 140. Urefu wa safu ni 38, 46, 42 na 36, na njia tatu za sentimita 6, jumla 180. Kuzunguka pande zote ipo fremu ya kaniki ya sentimita 4, ila inakatwa kwa sentimita 10. Ziada hiyo isipunguzwe mapema, kwa sababu kudarizi, yaani kupitisha uzi matabaka yote matatu, kutavuta nguo na hakuna ajuaye itavutika wapi zaidi. Majamvi hayakulinganishwa kwa makusudi. Uwanjani hakuna mawili ya kipimo kimoja, na jicho likishajua hatua inayofuata huacha kutazama.

9 Julai

Kanga saba, nne kuukuu na tatu mpya. Sharti la kwanza ni pamba tupu. Chomoa uzi mmoja wa mtande (wa urefu) na mmoja wa mshindio (wa upana), uuchome kila mmoja peke yake. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Tetroni huyeyuka na kuacha tone jeusi gumu. Kanga mbili zilikataliwa kwa jaribio hilo, ingawa mkononi zilionekana sawa na nyingine. Tetroni haishiki mkunjo wa pasi, na ukili usioshika mkunjo hauungiki sawa. Wala haipokei rangi ya mkandaa, mti wa mikokoni, tutakayoitumia wiki ijayo.

Kanga kuukuu ni bora kuliko mpya, na si kwa sababu ya bei. Wanawake wa Gee's Bend, Alabama, ambao mifarishi yao ilianza kuzungushwa kwenye makumbusho makubwa ya Marekani mwaka 2002, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa. Palipokuwa na mfuko wa suruali pamebaki rangi nzito, pembeni pamepauka, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya kipande kimoja cha nguo kiwe na mwanga na kivuli. Kanga iliyovaliwa miaka inayo hali hiyo: ndani ya upindo na kwenye mikunjo ya kiunoni rangi ni nzito, mgongoni imepauka. Ukili mmoja ukikatwa kupita mahali hapo, unatoka kahawia na kuishia karibu na waridi. Hakuna duka linalouza hivyo.

Jina, yale maneno ya kanga, tumelikata lote kwenye kanga zote. Mfarishi ukiwa na maneno, mtazamaji anasoma, anatabasamu, anaondoka, na ushonaji haukutazamwa. Vipande vya jina vimewekwa, vina kazi yake nyuma. Pindo ndilo lenye thamani. Lile la upande mrefu, sentimita 150, linatoa kili tatu za safu ya pili (sentimita 46, na akiba ya mshono 0.75 kila mwisho, yaani 47.5), na nakshi yake inakwenda kwa urefu bila kukatika. Mji wa kanga, sehemu yake ya katikati, una maua makubwa. Ukikatwa kwa wembamba ua linapotea na kubaki madoa ya rangi, jambo ambalo kwa karafuu ni zuri.

Tunaofanya kazi hii Zanzibar hatuna haja ya kuona kuunga vitambaa kama jambo geni. Inasimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuungwa katika karne ya 19: leso zilizouzwa kwa gora zilikatwa tatu tatu, vipande viwili vikashonwa pamoja, zikawa leso sita katika nguo moja.

12 Julai

Kufua. Kila kitambaa kilikatiwa kipande cha sentimita 20 kwa 20, kikafuliwa kwa maji moto na sabuni, kikakaushwa, kikapigwa pasi, kikapimwa tena. Kanga kuukuu zilibaki 20. Kanga mpya 19.4. Kaniki na bafta 19.2. Flaneli 18.8, yaani imepungua asilimia 6. Kama flaneli ingewekwa bila kufuliwa, siku ya kwanza ya kulowana ingesinyaa peke yake na kuukunja uso wote. Kwa hiyo vyote vimefuliwa vikiwa vizima, mara mbili, kabla ya mkasi.

Kanga mbili nyekundu zinachuja. Jaribio ni hili: lowesha pembe, iweke juu ya bafta nyeupe, pitisha pasi ya moto mpaka ikauke. Bafta ikipata waridi, kanga haiko tayari. Wengi huiloweka kanga kwenye maji ya chumvi au siki wakiamini rangi itashika. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi, ndani ya pipa la rangi; kanga ikishatoka kiwandani haifungi kitu. Dawa ni maji moto mengi na sabuni, tena na tena, mpaka maji yatoke meupe. Moja ilitulia mara ya nne. Nyingine ilifuliwa mara saba na bado bafta iliona haya. Imetolewa. Nyekundu moja isiyotulia ikiingia, siku mfarishi utakapoloweshwa kunyooshwa itaharibu majirani zake wote.

15 Julai

Kahawia za safu ya tatu na ya nne hazikupatikana kwenye kanga za kutosha, zimetiwa kwa gome la mkandaa juu ya bafta na juu ya kanga zilizopauka. Gome limetoka kwenye miti iliyokwisha kukatwa kwa ujenzi. Mkandaa ulio hai ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, na hakuna mfarishi unaostahili hilo.

Kipimo: gome kavu gramu 500 kwa kitambaa gramu 500. Gome linapondwa, linalowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, linachemshwa saa moja kwa moto mdogo, linachujwa. Kitambaa kinaingia kikiwa kimelowa, kwani kikavu hunywa rangi kwa madoa. Kinachemka polepole dakika 45, kinabaki humo mpaka maji yapoe, kinakaushwa kivulini, kinasuuzwa kesho yake. Mara moja hutoa rangi ya chai ya maziwa. Mara tatu, kwa kukausha kila mara, hutoa rangi ya karafuu iliyokauka.

Kwa giza zaidi, vipande vinne vilipitishwa kwenye maji ya misumari yenye kutu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 5, dakika tano tu. Chuma kikikutana na gome hutoa kijivu kinachokaribia weusi, papo hapo. Hapa ni lazima kujizuia. Chuma kingi hula pamba: baada ya miaka nguo huwa kavu na kupasuka palepale penye weusi. Tumesuuza mara sita na kuvitumia vipande hivyo kidogo sana, visizidi ukili mmoja katika kila jamvi la safu ya chini.

Manjano ya jikoni tuliyajaribu kwa safu ya juu. Rangi ni ya kupendeza siku ile. Kipande kilichoachwa dirishani siku kumi kilikuwa kimepauka nusu. Hayafai kwa kitu cha kutundikwa.

20 hadi 27 Julai

Kukata na kuunga. Kili zinakatwa kwa upana wa aina tatu, sentimita 3.5, 4.5 na 6. Zikishaungwa kwa akiba ya 0.75 kila upande hubaki 2, 3 na 4.5. Jamvi la upana wa 40 linachukua kili 8 nyembamba, 5 za kati na 2 pana. La 52 linachukua 8, 6 na 4. La 36 linachukua 6, 5 na 2. Ni kili 46 kwa safu, 184 kwa mfarishi wote.

Usifuate nakshi wakati wa kukata, fuata uzi. Kanga nyingi huchapwa zikiwa zimepinda kidogo, na mstari wa pindo hauendi sambamba na mtande. Chomoa uzi mmoja kwa urefu, mfereji utakaobaki ndio mstari wa mkasi. Ukili uliokatwa mshazari hata kwa kidole kimoja hunyooka ukivutwa, na jamvi linapata tumbo.

Kosa la kwanza lilionekana jamvi la pili. Lilitakiwa kuwa 52, likatoka 50.3. Hakuna mshono uliokosewa kwa macho. Kila mmoja ulizidi chini ya milimita moja, na kitambaa kinapogeuzwa juu ya mshono nacho hula unene wake. Kwa mishono 17 ni karibu sentimita 2. Dawa: utepe wa gundi ulibandikwa juu ya bati la cherehani, milimita 7 kutoka kwenye sindano na si 7.5, na kila baada ya kili nne kipande kinapimwa. Majamvi yaliyofuata hayakupotea zaidi ya milimita 3.

Kosa la pili: jamvi kupinda kama ndizi. Linatokea kili zote zikishonwa kuanzia upande mmoja, kwa sababu meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini kuliko cha juu. Mshono mmoja uanzie juu, unaofuata uanzie chini.

Cherehani ni ya mguu, mshono wa kawaida tu, sindano namba 11, urefu wa mshono milimita 2. Haihitaji zaidi. Umeme ulipokatika pasi ya mkaa iliendelea na kazi, na uzito wake unalaza mshono vizuri kuliko ya umeme, ila usiipepee juu ya nguo. Cheche moja imetoboa ukili wa mkandaa na imebidi kuubadilisha. Akiba ya mshono inalazwa upande wa kitambaa kizito. Ikilala chini ya kitambaa chepesi huonekana kama mstari wa kivuli, na mkandaa mmoja tu unachafua waridi lote.

2 Agosti

Majamvi yote yamepachikwa kwa pini kwenye blanketi lililoning'inizwa ukutani, na tumekaa nayo siku tatu kabla ya kuyaunga. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha nguo yenye viraka na mfarishi wa sanaa. Mwaka 1971 jumba la makumbusho la Whitney, New York, lilitundika mifarishi ya kale kwenye kuta zake kama zinavyotundikwa picha za rangi. Nguo zilikuwa zilezile za kitandani, lakini zikisimama wima na mtu akiwa hatua sita mbali, kilichobaki ni rangi, uzito na mstari. Kwa hiyo mpangilio hautazamwi mezani. Unatazamwa ukiwa umesimama, kwa umbali uleule.

Ubaya ulioonekana: safu ya pili na ya tatu zilikuwa moja. Rangi zilitofautiana, hii nyekundu na hii kahawia, lakini mwanga wao ulikuwa sawa. Piga picha kwa simu na uiondoe rangi, utaliona mara moja. Bisa Butler wa Marekani, anayeunda sura za watu kwa vitenge na vitambaa vya nakshi, hutumia buluu, zambarau na nyekundu mahali pa rangi ya ngozi na bado uso unasimama, kwa sababu mwanga na giza viko mahali pake. Sisi tumetoa kili 11 nzito kwenye safu ya pili na kuzihamishia ya tatu. Nafasi zake zimejazwa na kanga kuukuu iliyopauka.

6 Agosti

Jamvi la katikati, safu ya tatu, ni la mpeta: karafuu zilizorundikwa mbichi au kulowa mvua, zikachacha, zikapauka na kusinyaa. Uwanja wa karafuu usio na mpeta si uwanja wa kweli. Lina rangi ya majivu na maziwa, na tumetaka lisiwe na mishono iliyonyooka kama mengine.

Limeshonwa kwa njia ya kawandi, mfarishi wa Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika. Huko hakuna uso unaoungwa kwanza. Kitambaa cha chini kinatandazwa, vipande vinakunjwa ncha na kuwekwa kuanzia pembeni, na uzi unapita matabaka yote kwa mkono, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka katikati. Uzuri wake ni kwamba mistari inafuata umbo la nje na inabana kadiri inavyoingia ndani. Ugumu wake ni unene: mahali panapokutana vipande vitatu vilivyokunjwa sindano haipiti bila subana na koleo. Tulikata vipande vya sentimita 5 hadi 9, tukapunguza pembe zilizokunjika ndani, na tukaiacha flaneli, kwa kuwa jamvi hili litakuwa juu ya flaneli ya mfarishi wenyewe. Limepachikwa mahali pake kwa mshono wa kufichwa.

10 Agosti

Matabaka. Bafta imetandazwa kwenye sakafu ya vigae, uso chini, imebandikwa kwa utepe pande nne. Ikazwe mpaka ilale, isivutwe. Ikivutwa, siku utepe ukitoka itarudi na kufanya makunyanzi nyuma. Juu yake flaneli, juu ya flaneli uso. Bafta na flaneli zimezidi uso kwa sentimita 6 kila upande.

Kwa nini flaneli na si sufi, na hali misufi ipo? Nyuzi za sufi ni fupi na zina utelezi, hazishikani. Ndani ya mto ni raha. Ndani ya kitu kinachoning'inia zinashuka, na baada ya miezi juu hubaki nguo tupu na chini kifuko. Pamba ya shiti ya mafundi wa makochi nayo imejaribiwa: ni nene, uzi unazama na mstari haueleweki. Flaneli moja nyembamba inatoa kivuli kidogo tu kando ya uzi, na kivuli hicho ndicho tunachokitaka.

Bandi, mishono ya muda ya kushikiza matabaka, imepigwa kwa uzi, kutoka katikati kwenda nje, mistari kila sentimita 12 kwa urefu na kwa upana. Pini hazikuachwa ndani hata usiku mmoja. Kwa unyevu wa pwani, pini ya kawaida huacha doa la kutu kwa muda mfupi sana. Doa la kutu kwenye bafta hutoka kwa limau na chumvi juani. Usipake limau kwenye kitambaa cha mkandaa kilichopita kwenye chuma: tindikali huiondoa rangi pamoja na doa.

12 Agosti hadi 14 Septemba

Kudarizi, kupitisha uzi matabaka yote matatu. Hapa ndipo mfarishi unapochorwa. Kuunga kumetoa rangi. Umbo la uso, kipi kinainuka na kipi kinazama, linatoka kwenye uzi.

Uzi ni wa kudarizia wenye nyuzi sita, zimetenganishwa mbili mbili. Shada moja la mita 8 hivyo hutoa mita 24 za kushonea. Kila kipande hakizidi sentimita 45, na kinapitishwa kwenye nta ya nyuki ili kisijifunge. Sindano fupi namba 9. Mishono mitatu kwa sentimita, upande wa mbele. Ukihesabu mishono bila kugeuza nyuma utadanganyika: sindano iliyolala sana huacha mbele mshono mzuri na nyuma haigusi bafta kabisa. Kidole cha mkono wa chini kisikie ncha kila mara.

Mpango ulikuwa kwamba ukavu wa karafuu uonekane kwa ukaribu wa mistari: safu ya juu kila sentimita 2.5, ya pili kila 2, ya tatu kila 1.5, ya nne kila 0.8. Kwa majamvi peke yake ni karibu mita 142 za mistari, na kwa kuwa uzi unapanda na kushuka, zidisha kwa 1.3. Mashada manane yalitosha, mawili zaidi yakaenda kwenye njia na fremu.

Mpango ulikuwa mzuri kwa macho na mbaya kwa nguo. Tulipofika mwisho wa safu ya nne, upana wa majamvi pamoja na njia, uliokuwa 140, ulikuwa 135.5 chini na 139 juu. Mfarishi ukitundikwa ulikuwa na mabega mapana na kiuno, na safu ya juu ilijikunja kama pazia. Sababu ni moja: kila mshono hunyang'anya nguo kidogo, na penye mistari mara tatu zaidi hunyang'anywa mara tatu. Mistari ya karibu na ya mbali haiwezi kukaa jirani kwenye nguo moja bila kudaiana.

Suluhisho lilichukua siku tisa. Safu ya juu imeongezewa mstari kati ya kila mistari miwili, na ya pili vilevile, lakini kwa uzi wa pamba mwembamba wa rangi ileile ya ukili unaopitiwa. Jicho bado linaona mistari ya 2.5, kwa sababu uzi wa kudarizia ndio unaong'aa. Nguo inahisi 1.25. Baada ya hapo juu palikuja 137.2. Kwenye safu ya nne tulifumua mstari mmoja katika kila minne, chini pakarudi 136.4. Tofauti ya milimita 8 inaweza kunyooshwa kwa maji, ya sentimita 3.5 haiwezi. Tukianza mwingine, hesabu ya mistari inayoonekana na isiyoonekana itafanywa kwenye karatasi kabla ya bandi, na ukaribu wa sehemu moja hautazidi mara mbili ya nyingine.

Vichwa vya karafuu kwenye safu ya nne tulitaka kuviweka kwa viua, kama vya kofia: kutoboa na kuzungushia uzi. Havikukubali. Kofia ya viua haina flaneli ndani, tundu lake hukaa wazi kwa ukakamavu wa kitambaa. Hapa flaneli ilitoka kwenye tundu kama ndevu na tundu likajifunga. Mahali pake pamewekwa mishono midogo ya msalaba, milimita 3, kwa uzi wa rangi ya mchanga, 60 kwa jamvi, imetawanywa bila mpango. Msalaba ni karibu na kichwa cha karafuu kuliko tundu. Hilo tungeweza kulijua kwa kuitazama karafuu yenyewe.

Ndevu za flaneli zilitokea pia kwenye kaniki, vumbi jeupe juu ya nyeusi. Sindano ilikuwa imechoka. Sindano kali mpya kila baada ya mita 10 ilipunguza sana. Kaniki imedariziwa mwisho, kwa sababu ingawa imefuliwa inaacha buluu vidoleni, na uzi mweupe ukiguswa na vidole hivyo haurudi. Alama kwenye kaniki ni za kipande cha sabuni kilichochongwa. Kwenye vitambaa vyepesi, chaki. Penseli hapana.

16 Septemba

Kunyoosha. Mfarishi umeloweshwa kwa maji baridi, umekamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, umelazwa juu ya godoro lililofunikwa shuka safi, umevutwa kwa viganja mpaka pembe nne zikae sawa. Kagua kwa kamba: pembe hadi pembe, zote mbili zilingane. Ya kwanza ilikuwa milimita 14 fupi, ikavutwa ikabaki 2. Pini za chuma kisichoshika kutu kila sentimita 5. Umekauka siku mbili kivulini kwa upepo wa kusi. Hakuna rangi iliyohama. Kanga iliyofuliwa mara nne imetulia.

Ndipo fremu ikapunguzwa. Ziada ya kaniki ilitosha kuficha milimita 8 zilizobaki za upande wa juu. Kipimo cha mwisho ni sentimita 145 kwa 184.

19 Septemba

Upindo wa kaniki, ukanda wa sentimita 6 uliokunjwa mara mbili, umeshonwa mbele kwa cherehani na nyuma kwa mkono. Pembe zimekunjwa kwa mshazari, na kila mkunjo umefungwa kwa mishono mitatu.

Mfuko wa fito, nyuma juu, ni vile vipande vya jina vilivyowekwa tangu Julai. Vimeungwa vikawa ukanda wa sentimita 141 kwa 23, ukakunjwa kuwa bomba la upana wa 10. Bomba lishonwe likiwa na ulegevu wa sentimita 1 upande wa nje, ili unene wa ufito ukae nyuma na usiubonyeze uso wa mfarishi ukafanya nundu. Maneno yapo, yamekatika, yanamtazama ukuta.

24 Septemba

Uzito kilo 1.4. Ufito ni wa mbao iliyopakwa vanishi mara mbili na kuachwa wiki nzima, kwa sababu mbao tupu hutoa tindikali inayoacha mstari wa kahawia kwenye pamba. Ukuta ni wa mawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua maji na chumvi wakati wa mvua. Vibanio vimeuweka mfarishi sentimita 4 mbali na ukuta ili hewa ipite nyuma. Dirisha liko upande wa kushoto. Jua halifiki moja kwa moja saa yoyote, tumelifuatilia siku nzima kabla ya kutoboa.

Kwa hatua sita, safu ya nne inaonekana nzito na kavu kama tulivyotaka. Jamvi la mpeta linavutia macho kuliko tulivyotarajia. Mwanzo tulidhani ni kosa. Likifunikwa kwa karatasi, safu ya tatu inalala.

8 Oktoba

Wiki mbili ukutani. Upande wa kulia umeshuka milimita 5 kuliko kushoto, kwa sababu mshono wa bomba upande huo umeshika bafta peke yake na haukufika kwenye flaneli. Utashushwa Jumamosi, mshono ufumuliwe sentimita 50 na kurudiwa ukishika matabaka mawili, usitokee mbele. Vuli ikianza, nyuma itakaguliwa kila wiki kwa ukungu, kwanza kwenye pembe ya chini iliyo karibu na mlango.